Bonasi ya Chai Ikikaribia, Linda Laini Yako

Oktoba ikibisha hodi, gumzo la Litein huwa ni bonasi. Kwenye vituo vya kukusanyia majani chai na ndani ya matatu za Kericho na Sotik, watu huulizana kiwanda kitalipa shilingi ngapi kwa kilo. Viwanda vilivyo chini ya KTDA hufunga hesabu za mwaka mwisho wa Juni na bonasi hufuata miezi michache baadaye, kwa hivyo si siri ni msimu gani mkulima wa Bureti atakuwa na pesa. Matapeli wanaujua msimu huo vizuri kama sisi.

Katika nchi nyingine, wizi wa utambulisho mara nyingi huanza na kadi ya mkopo. Huku vilimani ni wachache walio na kadi hiyo, lakini karibu kila nyumba ina laini ya simu. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, laini ndiyo pochi yetu. M-Shwari ilipokuja mwaka 2012, kisha Fuliza mwaka 2019, ikawa pia mlango wa mikopo. Kwa hivyo anayeiteka laini yako haishii kwenye salio. Anaweza kukopa kwa jina lako, deni likaripotiwa kwa ofisi ya taarifa za mikopo, CRB, nawe ukalijua siku unayoomba mkopo wa karo ukanyimwa.

Utekaji huo hauhitaji utaalamu mkubwa wa kompyuta. Tapeli anapiga simu akijidai ni mhudumu wa kampuni: laini yako haikusajiliwa vyema, itafungwa leo jioni. Anaomba nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, pengine na watu uliowatumia pesa majuzi. Kwa maelezo hayo anajifanya wewe na kuhamishia nambari yako kwenye kadi nyingine ya simu. Simu iliyo mkononi mwako inapoteza mtandao ghafla, na kuanzia hapo ujumbe wote wa benki na M-Pesa unamfikia yeye.

Mara nyingine tapeli hata hana haja ya kukuuliza. Tazama kitabu cha wakala wa M-Pesa, pale ambapo bado kinatumika, kilichofunuliwa juu ya kaunta: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kiasi, sahihi. Mteja anayeinama kuandika maelezo yake anasoma ya wote waliomtangulia kwenye ukurasa huo.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mulot, mji ulio mpakani mwa Bomet na Narok, umetajwa kwa miaka mingi katika kesi za ubadilishaji haramu wa laini, na makachero wa DCI wamewakamata washukiwa huko mara kwa mara wakiwa na kadi za simu tele. Wakazi wengi wa Mulot ni wakulima na wafanyabiashara waaminifu, na si haki kuwabebesha aibu ya wachache. Hata hivyo, ukaribu huo utuzindue.

Kinga ipo, na haikugharimu ng'ombe. Kama wewe ni mteja wa Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe na wakala yeyote tu wa mtaani. Kisha piga *106# uone nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoitambua, iripoti. Huduma hizi zinafanya kazi hata kwenye simu ndogo ya mulika mwizi. Nambari ya siri ya M-Pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, na usimpe mtu yeyote, hata mjukuu unayemtuma kwa wakala.

Safaricom imewaambia wateja kwamba huwapigia kwa 0722 000 000 pekee. Anayepiga kwa nambari nyingine akidai ametoka huko, kata simu, uitume nambari yake kwa 333. Ukipata ujumbe kwamba umetumiwa pesa kimakosa, angalia kwanza kama umetoka kwa MPESA au kwa nambari ya mtu, kisha hakikisha salio lako.

Mtandao ukipotea ghafla huku simu za jirani zinafanya kazi, usingoje kesho. Azima simu, piga 100, omba laini ifungwe, kisha ijulishe benki au sacco. Baadaye nenda polisi, au piga 0800 722 203, nambari ya DCI isiyotozwa. Sheria ya Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inamtoza anayetumia utambulisho wa mwenzake kwa ulaghai faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kinachowasaidia matapeli zaidi ni aibu yetu. Mzee akiibiwa hunyamaza, asije akaonekana mjinga, na wiki ijayo jirani yake ananaswa kwa maneno yaleyale. Yasemwe wazi kwenye chama, kanisani na kituoni wakati wa kupima majani. Viongozi wa viwanda na sacco nao wawakumbushe wakulima kabla malipo hayajatoka. Nawe kijana uliyesoma, kaa na mama yako jioni moja, mpige *100*100# na *106# pamoja. Jasho lake la mwaka mzima linastahili dakika hizo tano.