Kompyuta Inavyojua Kitufe Kimebonyezwa

Kitufe cha kuwashia kompyuta ya mezani hakipitishi umeme wa ukutani. Nyuma yake kuna nyaya mbili nyembamba ziendazo kwenye ubao mama, na kazi yake ni kuzigusanisha kidole kinapobonyeza. Zamani swichi ya mbele ilikata umeme wenyewe. Ukiizima katikati ya kazi, kila kisichohifadhiwa kilipotea. Mpangilio wa kompyuta za mezani uitwao ATX, ulioletwa na Intel mwaka 1995, uligeuza amri hiyo kuwa ombi, na hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana.

Maadamu plagi iko ukutani, pawa saplai ya ATX hutoa volti 5 za akiba hata kompyuta ikiwa imezimwa. Umeme huo ndio unaoiweka macho chipu inayokisubiri kitufe. Waya mmoja umeungwa na ardhi ya saketi, wa pili hushikiliwa kwenye volti ya juu. Kitufe kikibonyezwa, volti ya waya huo hushuka hadi karibu na sifuri.

Tatizo ni kwamba vyuma vya swichi havigusani mara moja vikatulia. Hudundadunda kwa milisekunde kadhaa, na mbonyezo mmoja ungeweza kuhesabiwa kuwa mingi. Chipu nyingi za Intel husubiri milisekunde 16 hivi ili kuhakikisha kwamba ishara imetulia.

Kompyuta iliyozimwa huwashwa hapo hapo. Iliyo kazini hufuata kanuni za usimamizi wa umeme ziitwazo ACPI, zilizotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996: chipu huweka alama kwenye rejista, kisha huikatiza prosesa, ambayo kwa hiyo haina haja ya kuuliza kila mara. Mfumo endeshi huisoma alama, huifuta, halafu huamua: kulala, kuzima, au kumuuliza mtumiaji. Kwenye Linux, programu ya evtest huonyesha kitufe hicho kwa namba 116, thamani 1 (kimebonyezwa) na mara moja 0 (kimeachiwa), ingawa pengine kidole bado kimekandamiza.

Kwa hiyo anayehesabu muda wa kukandamiza si mfumo endeshi. Ni chipu yenyewe, na zikipita sekunde 4 huizima kompyuta bila kuuliza programu yoyote, hata kama kila kitu kwenye skrini kimeganda.