Ndagala Juu ya Kichanja: Ziba Panapovuja Kabla ya Kutafuta Mtaji

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI:


Leo nazungumza na wewe mwenye biashara ndogo: mafungu ya nyanya mbele ya nyumba, beseni la dagaa, karai la maandazi. Ukiulizwa umekwama wapi, jibu huwa moja: mtaji. Sikatai. Mtaji ni shida kweli, na mgao wa chakula ukipungua watoto wanaula mtaji wenyewe. Lakini leo nina swali lingine. Katika hicho kidogo ulicho nacho, ni kiasi gani kinapotea kabla hakijamfikia mteja?

Twende kwanza kwetu, ziwani Tanganyika.

Mimi nimekulia Rumonge, na mchanga wa ndagala naujua kwa meno. Wavuvi wa ndagala, hao ambao ng'ambo ya Kigoma wanaitwa dagaa, huingia ziwani usiku wa giza na taa, maana samaki hawa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti vizuri. Basi ndagala huja kwa mkupuo, na wakifika ufukweni ni lazima waanikwe siku hiyo hiyo, la sivyo wanaoza.

Zamani waliwaanika juu ya mchanga. Kuku wanadonoa, watoto wanakanyaga, na mvua ikishuka ghafla mama anakimbia na ufagio, nusu anaokoa, nusu inarudi kuwa tope. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba katika kila kilo 100 za samaki, kilo 15 hivi zilipotea au kuharibika wakati wa kukausha.

Sasa piga hesabu na mimi. Mtu anayepoteza kilo 15 katika 100, akikopa ili anunue kilo 200, atapoteza 30. Deni limeongezeka, na hasara imeongezeka nalo. Ndiyo maana nasema mtaji si jibu la kila swali.

Mwaka 2004, FAO ilileta njia nyingine katika vijiji vya Mvugo na Muguruka, kusini mwa Rumonge, upande wa Nyanza-Lac. Haikuwa mashine. Ilikuwa vichanja: meza ya kimo cha mita moja hivi, juu yake wavu wa waya, na ndagala wanatandazwa hapo. Samaki ni wale wale na jua ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba ndagala walipanda juu.

Kwa nini inasaidia? Samaki akilala mchangani, jua linamkausha juu tu. Chini yake unyevu hauna pa kutokea. Akiwa kwenye wavu, hewa inapita juu na chini, maji yanatoka pande zote. Kazi iliyokuwa ikichukua siku 3 ikawa inamalizika kwa masaa 8 hivi ya jua. Kuku hafiki, mchanga haungii, na mvua ikija unafunika turubai badala ya kukimbia na ufagio.

Na bei? Kilo iliyouzwa faranga 4,000 mwaka 2004 ilifika 9,000 mwaka 2013. Tusidanganyane, katika miaka hiyo vitu vingine pia vilipanda bei. Lakini mteja anajua tofauti ya ndagala safi na ndagala wa mchanga, na ndagala aliyekauka sawasawa anasafiri hadi milimani bila kuoza. Tena anangoja. Mwaka 2024, upande wa Tanzania, uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Wakati kama huo, mwenye akiba iliyokaushwa vizuri ndiye mwenye cha kuuza.

(Muziki mfupi.)

Sasa turudi hapa kambini. Utaniambia, "Mwanangu, sisi hatuna ziwa, na wavu wa waya hatuna." Sawa, mama. Hatukopi wavu, tunakopa wazo. Fanya hivi.

Kwanza, kwa wiki moja andika kila kinachopotea: nyanya zilizooza, maandazi yaliyolala, mafuta yaliyomwagika, deni ambalo jirani hakulipa. Kama huandiki, weka kijiwe kwenye kopo kwa kila hasara. Mwisho wa wiki, hesabu vijiwe.

Pili, chagua hasara moja tu, ile kubwa. Jiulize: nimekuwa nikifanya hivi kwa sababu gani? Ukijibu, "Ndivyo tulivyokuta," basi hapo ndipo pa kuangalia.

Tatu, jaribu kwa nusu. Kama unakausha dagaa au mboga, nusu anika kama kawaida, nusu inua juu ya mkeka wa matete au mianzi uliowekwa kwenye miguu ya miti. Tandaza tabaka moja, geuza mchana, ingiza ndani jioni. Dagaa aliyekauka huvunjika ukimkunja. Aliyepinda bila kuvunjika bado ana maji, usimfungie kwenye gunia. Kisha linganisha nusu mbili: ipi imekauka mapema, ipi mteja ameichagua?

Hapa nina onyo, tafadhali sikiliza vizuri. Usianike chakula juu ya chandarua, hata kikiwa kimezeeka. Vyandarua tunavyogawiwa vina dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo inaweza kuingia kwenye chakula. Gunia lililobeba mbolea au dawa ya shamba pia hapana. Na kabla ya kwenda kutafuta miti nje ya kambi, uliza viongozi wa eneo lako sheria inasemaje. Kichanja kisikutie mashakani.

Ukiziba tundu lako, huenda bado utahitaji mtaji. Basi utautafuta. Lakini utakwenda ukiwa na daftari lako au kopo lako la vijiwe, na utajua kila shilingi itakapoingia itakaa.

Kwa wiki ijayo nina ombi moja. Njoo kwenye kikundi cha wasikilizaji na jibu la swali hili: katika biashara yako, mchanga wako ni upi?

Mimi ni mtangazaji wako. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.

(Muziki wa kufunga.)