Kasha la Yai la Chokoleti

Wakati wa Pasaka, watoto wengi wa Uingereza hupewa mayai ya chokoleti. Yai hilo lina uwazi ndani, nalo huvunjika upesi. Kwa hiyo huvikwa karatasi ya alumini, kisha hutiwa katika kasha. Zamani lilishikiliwa humo kwa plastiki ngumu. Tena kasha kubwa hufanya yai dogo lionekane kubwa dukani! Chokoleti huliwa ikaisha, takataka hubaki.

Mwaka 2012 kampuni ya Nestlé nchini humo iliacha plastiki hiyo, ikatumia karatasi ngumu iliyokunjwa. Kwa nini karatasi? Karatasi hutokana na miti, hivyo vijidudu vya udongoni huiozesha. Kiwandani huweza kulowekwa, kupondwa na kufanywa karatasi tena. Alumini haiozi, lakini huyeyushwa ikatumika upya, kwa karibu asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kupata alumini mpya kutoka katika mawe.

Jaribio: Zika vipande vya karatasi ngumu, alumini na plastiki katika udongo wenye unyevu. Vifukue baada ya majuma manane. Kipi kimebadilika?