Shahada Yenye Heshima: Kanuni Zinazopaswa Kusomwa Nyumbani



Kila ifikapo Septemba, nyumba kadhaa za jamaa zetu hapa Woolwich hupata furaha ya pekee: kijana amepata nafasi chuo kikuu. Simu hupigwa Unguja, Mombasa na Maskati, na dua husomwa. Baada ya hapo wazazi wengi huliacha jambo lote mikononi mwa kijana na chuo chake, wakiamini kwamba kuingia ndiko kulikokuwa kugumu na kilichobaki ni subira ya miaka mitatu. Sivyo hivyo. Shahada ya nchi hii hutolewa kwa kanuni zilizoandikwa, zenye hesabu na tarehe zake. Wapo vijana wanaopoteza daraja zuri, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kutozijua kanuni hizo, au kwa kuona haya kuzitumia wakati ungalipo.

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili tumezoea kuiita "shahada ya heshima" ile ambayo chuo humtunukia rais au mtu mashuhuri bila ya kumtahini. Hiyo siyo tunayoizungumzia. Herufi "Hons" zinazofuata BA au BSc katika cheti cha kijana zina maana kwamba amekamilisha masomo yote yaliyotakiwa na kupimwa kwa kiwango kilicho juu ya shahada ya kawaida. Hapa tutaiita shahada yenye heshima.

Mji wetu una historia yake katika jambo hili. Mwaka 1890 ilianzishwa Woolwich Polytechnic, jirani na karakana za silaha za Royal Arsenal. Mwaka 1970 ikawa Thames Polytechnic, na mwaka 1992 ikawa University of Greenwich. Kabla ya mwaka huo haikuweza kutoa shahada kwa jina lake. Wanafunzi wake walitahiniwa kwa shahada za Chuo Kikuu cha London, au za baraza la taifa lililoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya vyuo visivyokuwa vyuo vikuu. Sheria ya mwaka 1992 ndiyo iliyovifungulia mlango vyuo vya namna hiyo, na tangu hapo kila kimoja hujiandikia kanuni zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chuo kilihama Woolwich na kuweka makao yake katika majengo ya zamani ya jeshi la wanamaji kule Greenwich, ukingoni mwa Mto Thames.

Wazee wetu waliosoma Afrika Mashariki hawatayaona mambo haya kuwa mageni. Makerere iliunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 chini ya ulezi huohuo. Ndiyo maana majina ya madaraja yanafanana hadi leo. Tofauti ni kwamba Dar es Salaam hupima kwa wastani wenye upeo wa 5.0, ambapo 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Hapa hupimwa kwa alama za mia: 70 na zaidi ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni la pili la juu, 50 hadi 59 ni la pili la chini, 40 hadi 49 ni la tatu. Mzazi asishtuke basi akisikia mwanawe amepata 68. Hiyo ni alama nzuri sana.

Madaraja haya si pambo la cheti. Waajiri wengi wakubwa, na kozi nyingi za shahada ya pili, huuliza daraja la pili la juu kabla ya kuuliza lolote jingine. Kati ya 59 na 60 unaweza kuwapo mlango mzima.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Masomo hupimwa kwa krediti, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Mwaka mmoja una krediti 120, yaani saa 1,200. Miaka mitatu ina krediti 360, na hizo ndizo zinazotakiwa kwa shahada yenye heshima. Anayeishia 300 aghalabu hupewa shahada ya kawaida, isiyo na daraja. Anayeacha akiwa na 240 huweza kupewa stashahada, na mwenye 120 cheti. Kwa hiyo kijana aliyelazimika kuacha njiani asiondoke mikono mitupu. Aulize amestahiki nini.

Katika vyuo vingi alama za mwaka wa kwanza haziingii katika daraja la mwisho, bali mwanafunzi hutakiwa kufaulu tu. Vijana huligundua jambo hili mapema na baadhi yao hulegea. Mwaka wa pili ukianza, mizani imekwisha kutundikwa, nao wangali katika mazoea ya mwaka uliopita.

Uzito wa kila mwaka hutofautiana baina ya chuo na chuo. Tuchukue mfano wa mwanafunzi mwenye wastani wa 52 mwaka wa pili na 64 mwaka wa mwisho. Chuo kinachohesabu robo kwa mwaka wa pili na robo tatu kwa mwaka wa mwisho kitampa 61, daraja la pili la juu. Chuo kinachohesabu nusu kwa nusu kitampa 58, daraja la pili la chini. Alama ni zilezile. Kilichotofautiana ni kanuni.

Hatari nyingine imo katika kufeli somo moja. Mwanafunzi huruhusiwa kurudia mtihani, lakini aghalabu alama ya marudio haipandi juu ya 40, hata kama amejibu vizuri namna gani. Tuseme somo hilo lina krediti 30, na katika krediti 90 nyingine amepata 65. Wastani wa mwaka wake unashuka hadi 58.75. Na akilazimika kusoma somo zima upya, hulipa tena. Ada ya juu kwa mwaka wa masomo 2025/26 ilikuwa pauni 9,535. Robo yake ni karibu pauni 2,384, mzigo mzito hasa kwa nyumba zinazojiepusha na mikopo yenye riba.

Kanuni hizi hazikuandikwa bila huruma. Kuna mlango wa udhuru: maradhi, ajali, msiba. Mwenye udhuru uliokubaliwa huweza kuongezewa siku, au kufanya mtihani baadaye kana kwamba ni mara ya kwanza, bila ya kufungwa na ile 40. Lakini mlango huu una masharti matatu. Udhuru uandikwe katika fomu ya chuo, uwe na ushahidi, na uwasilishwe ndani ya muda, ambao mara nyingi ni siku chache. Aidha, vyuo vingi huhesabu kwamba mwanafunzi aliyeingia chumba cha mtihani amekiri kuwa ni mzima wa kutahiniwa. Kijana mwenye homa anayejikaza kwenda ili asionekane mvivu huenda amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa ndipo mila zetu zinapokutana na kanuni zao. Bibi anapofariki Pemba au Lamu, kijana husafiri na wazazi kwenda matangani, na hakuna anayekumbuka kukiandikia chuo. Andikeni kabla ya kupanda ndege, walau barua fupi, na rudini na nakala ya cheti cha kifo. Kama kimeandikwa kwa Kiswahili, ulizeni kama chuo kinataka tafsiri.

Kuhusu ibada, saumu peke yake kwa kawaida haihesabiwi kuwa udhuru, kwa kuwa Ramadhani hujulikana kabla. Lakini vyuo vingi hupokea mapema maombi ya asiyetaka mtihani wake uangukie siku ya Idi au saa ya sala ya Ijumaa, na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa kidini. Mwaka 2019 Ramadhani iliangukia Mei, msimu wa mitihani. Sasa imerudi nyuma hadi miezi ya masomo na ya kuwasilisha insha. Maombi yapelekwe mwanzoni mwa mwaka.

Jambo la kuepukwa kabisa ni kuwasilisha kazi ya mwingine, iwe ya rafiki, ya kununuliwa, au iliyotungwa na programu za kompyuta mahali ambapo chuo kimekataza. Adhabu huanzia alama sifuri na huweza kufikia kufukuzwa.

Na ikiwa kijana amedhulumiwa? Rufaa ipo, lakini haipokelewi kwa hoja kwamba mtahini alikuwa mchoyo wa alama. Hupokelewa pale utaratibu ulipokiukwa, au ushahidi wa udhuru ulipochelewa kwa sababu ya haki. Hatua zote za chuo zikiisha, mwanafunzi hupewa barua ya kukamilisha taratibu. Kwa barua hiyo anayo miezi 12 ya kupeleka malalamiko yake kwa Mwamuzi Huru wa elimu ya juu, ofisi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, na halipi chochote.

Mwisho, neno kwa wazazi. Tulizoea skuli kutuita na kutueleza habari za watoto wetu. Chuo kikuu hakifanyi hivyo. Mwenye miaka 18 ni mtu mzima, na chuo hakitasema nanyi juu ya alama zake bila ya idhini yake. Kwa hiyo habari za mwanao utazipata kwake mwenyewe, au hutazipata. Kijana anayejua kwamba kufeli somo moja kutaleta kelele na fedheha mbele ya ukoo atanyamaza, na siku za udhuru zitapita akiwa amenyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua.

Basi Oktoba hii, mketi pamoja mezani. Mwambieni awasomee kanuni za kozi yake: miaka ina uzito gani, marudio yana kikomo gani, udhuru hupelekwa wapi na kwa siku ngapi. Ziandikeni tarehe hizo katika kalenda ya nyumba, karibu na nyakati za sala. Kisha mwambieni wazi kwamba akikwama, nyinyi muwe wa kwanza kujua, na kwamba hatagombezwa kwa kusema.

Wabillahi tawfiq.