Utando mwembamba unaokinga chuma kisiliwe na mchanga

KATIKA kaunti za Migori na Homa Bay, chuma huliwa kila siku, wala si kwa kutu pekee.

Huko Macalder, eneo la Nyatike, gololi za chuma huponda mawe ya kwatzi yenye dhahabu hadi yakawa unga. Katika viwanda vya sukari vya Awendo na Ndhiwa, visu na vinu hupokea miwa iliyobeba udongo na mchanga wa shambani.

Adui ni yule yule. Kwatzi, ambayo pia ni sehemu kubwa ya mchanga, ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho kileleni mwake ni almasi yenye 10. Chuma cha kawaida hakifikii kiwango hicho, hivyo hukwaruzwa na kulika.

Hasara haiishii kwa mwenye mtambo. Kiwanda kikisimama ili kibadilishe vipuri, miwa iliyokwisha kukatwa hukauka na kupoteza sukari, na mkulima huumia.

Mojawapo ya njia ambazo wanasayansi wamebuni ni kukivika chuma utando mgumu wenye unene wa mikromita 2 hadi 5 hivi, ambao ni mwembamba mno kuliko unywele. Chombo huwekwa ndani ya tangi lililoondolewa hewa. Atomi za titani hung'olewa kutoka kwenye bamba, hukutana na gesi ya nitrojeni, kisha hutua juu ya chombo na kuwa nitridi ya titani. Rangi ya dhahabu inayoonekana kwenye baadhi ya keekee madukani hutokana na utando huo.

Hata hivyo, utando wa aina moja una udhaifu. Punje zake zinapobanwa, huteleza, na ufa ukianza hupita moja kwa moja.

Mwaka wa 1995, Stan Vepřek na mwenzake, wakiwa Munich, Ujerumani, walipendekeza muundo mwingine: punje za nitridi ya titani zenye upana wa nanomita chache tu, kila moja ikizungukwa na ngozi nyembamba ya nitridi ya silikoni. Huo ndio utando wa nanokompoziti.

Mfano wake ni ukuta wa mawe na saruji. Punje ni ndogo mno hata haziwezi kuteleza kwa ndani, nayo ngozi hiyo huzishika zisisogee na kuuzuia ufa kusonga mbele. Nitridi ya titani ya kawaida ina ugumu wa gigapaskali 20 hadi 25 hivi, ilhali nanokompoziti bora hupita 40. Madai kwamba baadhi yake hulingana na almasi yamezua ubishi miongoni mwa wataalamu.

Lakini ugumu peke yake si kinga. Kioo ni kigumu, nacho huvunjika. Utando mwema sharti uweze kupinda kidogo na kurudi, ushikamane barabara na chuma, na chuma chenyewe kiwe imara. Ukiwekwa juu ya chuma laini, huvunjika mithili ya kigae kilichotandazwa juu ya matope.

Kwa sababu hiyo, mchimbaji wa Nyatike asitarajie kuokoa gololi zake kwa utando huu. Jiwe linalogonga kwa kishindo litaumaliza upesi. Visu vya miwa na vinu hufaidika zaidi na tabaka nene la milimita kadhaa, linalochomelewa kwa vijiti vyenye kabidi ya kromu.

Mahali pa utando mwembamba ni karakana, kwenye keekee na visu vya mashine ya kukerezea, ambavyo hutengeneza vipuri vya mitambo hiyo. Fundi akumbuke pia kwamba akiinoa keekee, utando hutoweka pale palipopita kinoo.

Kabla ya kununua kinga, basi, yafaa kuuliza: chuma hiki kinakwaruzwa au kinagongwa? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua iwapo fedha zitaokolewa au zitaliwa pamoja na chuma.