Ari ya kujifunza

Ari ya kujifunza (pia: motisha ya kujifunza) ni msukumo unaomfanya mwanafunzi aanze kazi ya masomo, aiendeleze kwa bidii na asiiache inapokuwa ngumu. Ni mojawapo ya mada kuu za saikolojia ya elimu, nayo inahusu ngazi zote, kuanzia shule ya awali hadi chuo kikuu.

Kwa muda mrefu ari ilihesabiwa kuwa tabia ya kuzaliwa nayo: mwanafunzi huyu ni hodari, yule ni mvivu. Utafiti uliofanyika tangu miaka ya 1970 umeonyesha kwamba ari hutegemea kwa kiasi kikubwa hali anamojikuta mwanafunzi: kama anaelewa kinachofundishwa, kama anaamini kwamba akijitahidi atafaulu, kama anaona faida ya somo, na kama anajiona kuwa mmoja wa wanadarasa. Ndiyo maana mwanafunzi yuleyule anaweza kuwa na ari kubwa katika somo moja na kuikosa kabisa katika lingine.

Istilahi

Katika Kiswahili cha kila siku neno "motisha" mara nyingi humaanisha kitu anachopewa mtu ili afanye kazi zaidi, kama vile posho, zawadi au nyongeza ya mshahara. "Ari" ni hamu inayotoka moyoni mwa mtu mwenyewe. Tofauti hiyo inakaribiana na ile wanayoifanya wanasaikolojia kati ya aina mbili za motisha:

- Motisha ya ndani: mwanafunzi anasoma kwa sababu jambo lenyewe linamvutia. Kwa mfano, anaendelea kutafuta jibu la swali la hisabati hata baada ya kengele kulia.
- Motisha ya nje: mwanafunzi anasoma kwa ajili ya kitu kingine, kama vile alama, cheti, zawadi, ajira, au kuepuka adhabu.

Aina hizi mbili hazipingani daima. Wanafunzi wengi wanazo zote mbili kwa pamoja, na uwiano wake hubadilika kadiri wanavyokua.

Ari na ushiriki

Ari ni msukumo. Ushiriki ni jinsi msukumo huo unavyojitokeza katika kazi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris walipendekeza kwamba ushiriki wa mwanafunzi una pande tatu:

- Ushiriki wa matendo: kuhudhuria, kufuata taratibu za shule, kufanya mazoezi na kuyakusanya.
- Ushiriki wa hisia: kupenda somo au kulichoka, kujisikia yuko nyumbani shuleni au kuwa na hofu.
- Ushiriki wa fikra: kujitahidi kuelewa, kujiuliza maswali, kuunganisha somo la leo na lile la jana.

Mgawanyo huu humsaidia mwalimu kutodanganywa na utulivu. Darasa lililokaa kimya, linalonakili kila neno lililoandikwa ubaoni, lina ushiriki wa matendo. Hata hivyo inawezekana kabisa kwamba hakuna anayefikiri.

Nadharia kuu

Tuzo na adhabu

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mawazo juu ya motisha yalitawaliwa na wanasaikolojia wa tabia. Edward Thorndike, na baada yake B. F. Skinner, walifundisha kwamba tendo linalofuatwa na matokeo mazuri hurudiwa. Shule nyingi duniani zilikuwa zimeshafuata njia hiyo kabla haijaandikwa vitabuni: anayefaulu hupewa zawadi, anayeshindwa huadhibiwa.

Mwaka 1971 Edward Deci alichapisha jaribio lililotilia shaka njia hiyo. Wanafunzi wa chuo kikuu walipewa vipande vya fumbo la kupanga maumbo, kazi ambayo wengi waliifurahia. Katika kikao cha pili kundi moja lililipwa dola 1 kwa kila umbo lililokamilika. Kundi lingine halikulipwa. Katika kikao cha tatu malipo yaliondolewa. Waliokuwa wamelipwa walitumia muda mfupi zaidi kuliko awali kucheza na fumbo wakati wa mapumziko.

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota na utepe wakichora. Wengine walipewa cheti hicho bila kutarajia. Wengine hawakupewa kitu. Wiki moja hadi mbili baadaye, watoto walioahidiwa cheti walitumia kalamu zile kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Cheti kilichokuja bila kutarajiwa hakikuleta madhara hayo. Kwa hiyo tatizo halikuwa zawadi yenyewe. Tatizo lilikuwa kwamba mchezo uligeuka kuwa kazi ya kupatia malipo.

Nadharia ya kujiamulia

Deci na mwenzake Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester waliendeleza matokeo hayo kuwa nadharia, waliyoieleza katika kitabu cha mwaka 1985. Wanasema binadamu ana mahitaji matatu ya kisaikolojia:

- Uhuru: kuhisi kwamba anachokifanya amekikubali mwenyewe.
- Umahiri: kuhisi kwamba anaweza na anaendelea.
- Uhusiano: kuhisi kwamba anathaminiwa na walio karibu naye.

Mahitaji hayo yakitimizwa, hata jambo lililoanza kwa kulazimishwa linaweza kupokelewa kuwa lake mwenyewe. Mwanafunzi aliyeanza kusoma fizikia kwa sababu mzazi ametaka anaweza baadaye kuisoma kwa sababu ameona maana yake.

Imani ya uwezo

Mwaka 1977 Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada, alieleza dhana ya imani ya uwezo, yaani jinsi mtu anavyoamini kwamba anaweza kutimiza kazi fulani. Alitaja vyanzo vinne: kufaulu mwenyewe hapo awali, kuona mtu anayefanana naye akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia wakati wa kazi. Chanzo chenye nguvu zaidi ni cha kwanza. Maneno matupu ya "jitahidi, utaweza" hayadumu kama kila jaribio la wiki linaleta sifuri.

Matarajio na thamani

Kwa mujibu wa Jacquelynne Eccles na Allan Wigfield, mwanafunzi hujiuliza maswali mawili: "Je, nitaweza?" na "Je, ina maana kwangu?" Jibu la moja likiwa hapana, jibu la lingine halitoshi. Anayejua kwamba hisabati ina faida, lakini haamini kwamba ataiweza, ataikwepa. Anayeiweza lakini haoni inampeleka wapi, ataifanya kwa shingo upande. Eccles aliongeza jambo la tatu, yaani gharama: muda, uchovu, na mambo mengine anayoyaacha ili asome.

Kulinda heshima

Martin Covington wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza kwa nini baadhi ya wanafunzi huacha kujitahidi makusudi. Katika darasa ambalo alama ndizo kipimo cha utu, anayejitahidi na kushindwa huonekana hana akili. Anayeshindwa bila kujitahidi anabaki na udhuru: "Sikusoma." Kwa mwanafunzi wa namna hiyo uvivu ni ngao ya kujikinga na aibu. Kumwaibisha mbele ya wenzake humfanya aishike ngao hiyo kwa nguvu zaidi.

Utafiti katika Afrika ya Mashariki

Wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, ni kati ya mahali barani Afrika ambako masuala haya yamechunguzwa sana. Mradi wa kutoa dawa za minyoo katika shule 75, ulioanza mwaka 1998 na kuchapishwa na Edward Miguel na Michael Kremer mwaka 2004, ulipunguza utoro kwa takriban robo. Hata hivyo alama za mitihani hazikupanda. Watoto walifika darasani, lakini kufika peke yake hakukutosha.

Utafiti mwingine wa Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, uliochapishwa mwaka 2009, ulihusu vitabu vya kiada. Shule zilizopewa vitabu hazikupata alama za juu zaidi kwa wastani. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Watafiti walieleza kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao ni lugha ya tatu. Wasioweza kukisoma kitabu hawakuwa na sababu ya kukifungua.

Upande wa tuzo, katika eneo hilohilo wasichana wa darasa la sita waliahidiwa ufadhili wa miaka miwili ikiwa watakuwa katika asilimia 15 ya juu. Kremer, Miguel na Rebecca Thornton waliripoti mwaka 2009 kwamba alama zilipanda Busia, hata kwa wasichana waliokuwa na nafasi ndogo ya kushinda, na mahudhurio ya walimu yaliongezeka. Hawakuona dalili kwamba hamu ya ndani ya kusoma ilipungua. Katika wilaya jirani ya Teso matokeo hayakuwa wazi.

Lugha ya kufundishia

Nchini Tanzania shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na za sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyekuwa mchangamfu darasa la saba anaweza kuwa bubu kidato cha kwanza, bila akili yake kupungua. Halima Mwinsheikhe alichunguza masomo ya sayansi katika sekondari na kutetea matumizi ya Kiswahili ili kuongeza ushiriki na ufaulu. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kushirikisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, uliendeleza uchunguzi wa lugha ya kufundishia. Wanaotetea Kiingereza hujibu kwamba wazazi wengi wanakitaka kwa sababu ya ajira na elimu ya juu. Katika maneno ya Eccles, upande mmoja unazungumzia uwezo na upande mwingine unazungumzia thamani.

Adhabu na mashindano

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Nchini Tanzania kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Wanaopinga viboko husema kwamba hofu huleta mahudhurio na ukimya, lakini huua maswali, kwa kuwa anayeuliza hujiweka wazi kwamba hajaelewa.

Mnamo Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha za shule na wanafunzi bora kitaifa. Kabla ya hapo orodha hizo zilikuwa habari kubwa kila matokeo yalipotoka.

Chuo kikuu

Mwanafunzi wa chuo kikuu hukutana na uhuru mwingi kwa ghafla: hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Mwaka 1975 Vincent Tinto alieleza kwamba anayeacha chuo mara nyingi ni yule ambaye hakujiunga na maisha ya chuo, ama ya kitaaluma ama ya kijamii.

Namna ya kufundisha nayo ina uzito. Mnamo 1991 Eric Mazur, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kuikatiza mihadhara yake kwa maswali: kila mwanafunzi huchagua jibu, hujadiliana na jirani yake, kisha huchagua tena. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ya mhadhara mtupu takriban asilimia 34 ya wanafunzi walifeli. Katika yale yanayoshirikisha wanafunzi takriban asilimia 22.

Mahali ambapo wanafunzi hutegemea "madesa", yaani nakala za muhtasari zinazopokezana mwaka hadi mwaka, na maswali ya mtihani yakafanana na ya miaka iliyopita, kukariri huwa ndiyo njia ya busara. Ari ya kuelewa haiwezi kushindana na mtihani usiopima uelewa.

Njia zinazotumika darasani

Kutokana na tafiti hizo, walimu hushauriwa:

- Kuanza na swali ambalo karibu kila mwanafunzi analiweza, kisha kupanda hatua kwa hatua.
- Kutoa nafasi ya kuchagua, hata ndogo: swali lipi lianze, mada ipi iandikiwe insha.
- Kusahihisha kwa maelezo. Alama 4 kati ya 10 haimwambii mwanafunzi afanye nini kesho. "Hatua ya tatu umesahau kubadili alama ya kutoa" inamwambia.
- Kuwaruhusu wanafunzi wajadiliane wawili wawili kabla ya kujibu mbele ya darasa. Njia hii inafaa hata darasa la wanafunzi 80, wala haihitaji vifaa.
- Kusifu kazi na mbinu iliyotumika kuliko akili. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili walikata tamaa upesi zaidi baada ya kushindwa kuliko waliosifiwa kwa juhudi.
- Kuchunguza sababu kabla ya kumwita mwanafunzi mvivu. Anayesinzia huenda ametembea mbali bila kula. Asiyenakili huenda haoni ubao. Asiyekusanya daftari huenda nyumbani hakuna taa au kazi ni nyingi.

Ukosoaji

Madhara ya tuzo yamebishaniwa sana. Judy Cameron na David Pierce walidai mwaka 1994 kwamba yametiwa chumvi. Deci, Richard Koestner na Ryan walijibu mwaka 1999 kwa kuchambua tafiti 128, wakashikilia kwamba zawadi za vitu zilizoahidiwa hupunguza hamu ya ndani. Pande zote hukubali kwamba palipokosekana hamu tangu mwanzo, tuzo haina cha kuharibu.

Mawazo ya Dweck pia yamepimwa upya, na majaribio makubwa yameonyesha kuwa faida ipo lakini ni ndogo.

Ukosoaji mwingine ni kwamba nadharia nyingi zilitokana na wanafunzi wa Marekani. Penye jamii ambamo mtoto husoma ili aje kuinua familia nzima, mpaka kati ya motisha ya ndani na ya nje si rahisi kuuchora.

Tazama pia

- Saikolojia ya elimu
- Elimu ya kujitegemea
- Lugha ya kufundishia
- Utoro