Mwanao anazungumza na nani usiku?

Ni saa nne za usiku. Mama anapita karibu na chumba cha kijana wake wa miaka 15 na kuona mwanga wa simu chini ya mlango.

"Bado unasoma, mwanangu?"

"Naam, mama."

Mama anaenda zake kulala akimshukuru Mungu kwamba mtoto wake si wa kuzurura mitaani na wahuni.

Mpenzi msomaji, zamani mzazi wa mjini aliijua hatari iliko. Ilikuwa nje, penye giza na makundi mabaya. Siku hizi yaweza kuingia hadi kitandani mwa mtoto bila kubisha hodi.

Hebu tutazame yaliyowafika wenzetu wa Marekani. Aprili 20, 1999, wavulana wawili waliivamia shule yao ya upili ya Columbine, jimbo la Colorado. Waliwaua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Mwaka mmoja kabla, wazazi wa mwanafunzi mwenzao walikuwa wamepiga ripoti kwa polisi kwamba mmoja wa wavulana hao alikuwa akiandika vitisho kwenye intaneti. Ombi la kupekua nyumba yao liliandikwa lakini halikufikishwa kwa hakimu.

Wakati huo intaneti ilikuwa changa. Leo wauaji hao wamefanywa mashujaa mtandaoni na vijana ambao hata hawakuwa wamezaliwa mwaka huo.

Januari 22, 2025, katika shule ya Antioch, mjini Nashville, mvulana wa miaka 17 alimuua kwa risasi msichana wa miaka 16 ndani ya bwalo la chakula, kisha akajiua. Polisi walisema kijana huyo aliathiriwa na mambo ya mtandaoni. La kustaajabisha ni kuwa alikuwa mweusi, ilhali maandishi yaliyohusishwa naye yalijaa itikadi ya wafuasi wa Hitler, watu wasiotaka hata kumwona mweusi. Yaani kijana alifundishwa kujichukia mwenyewe, akahitimu!

Huanza na mzaha

Mtoto hufikaje huko? Si kwa siku moja. Mara nyingi ni kijana mpweke, au anayeonewa na wenzake shuleni. Kwanza huonyeshwa picha za kuchekesha zinazodhihaki watu wa rangi, dini au jinsia fulani. Akizitazama, mtambo humletea nyingine kali zaidi. Kisha hualikwa katika kikundi cha siri, ambako anaitwa ndugu na kuambiwa nani wa kulaumiwa kwa shida zake. Mwishowe damu humwia kama mchezo.

Mei 14, 2022, kijana mzungu wa miaka 18 aliwaua watu weusi 10 katika duka la Buffalo, jimbo la New York, huku akionyesha mauaji hayo moja kwa moja mtandaoni. Aliandika kuwa alianza kusoma mambo hayo mwaka 2020, alipochoshwa na kukaa nyumbani wakati wa Korona. Mwaka 2021, alipoulizwa shuleni anakusudia kufanya nini maishani, alijibu kuwa ataua watu na kujiua. Alipelekwa hospitalini kuchunguzwa, akasema ulikuwa mzaha, akaachiliwa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wenzake hujua

Secret Service, idara inayomlinda Rais wa Marekani, pamoja na wizara ya elimu ya huko, ilichunguza mashambulizi 37 ya shuleni yaliyotokea kati ya 1974 na 2000. Karibu katika visa vinane kwa kila kumi, kulikuwa na mtu aliyejua mapema. Mara nyingi mtu huyo alikuwa rafiki, mwanafunzi mwenzake au ndugu yake.

Nasi Kenya twajua uchungu wa shule kugeuka matanga. Moto wa bweni la Kyanguli, Machakos, uliwaua wavulana 67 Machi 2001. Huo haukuletwa na intaneti, lakini somo ni lile lile: hasira ya kijana haifai kupuuzwa.

Kwa hivyo, ewe mwanafunzi, mwenzako akikwambia "kesho msije shule", au akisifu wauaji, usinyamaze kwa kuogopa kuitwa msaliti. Mwambie mwalimu au mzazi unayemwamini, ama upige simu ya watoto nambari 116, ambayo haitozwi pesa. Kusema si kumsaliti rafiki, kwani huenda ukamwokoa yeye pia.

Nawe mzazi, kumpokonya mtoto simu kwa ukali peke yake hakutoshi. Ataazima ya jirani. Shule nyingi za bweni hupiga simu marufuku, lakini likizo ni ndefu. Weka desturi ya simu zote kulala sebuleni, yako ikiwemo. Mwulize anatazama nini, umsikilize bila kumkemea. Ukiona amewatupa marafiki wa zamani, halali usiku, au anawatukana watu wa kabila au dini fulani kwa maneno usiyomfundisha, tafuta ushauri mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Leo usiku, ukiona mwanga chini ya mlango, usipite tu. Bisha hodi, uingie, uketi.